Pete ya Jumbe na Bakuli Lisilomwagwa

Hapo zamani, na msiniulize zamani ipi, maana anayehesabu miaka hasikii hadithi, palikuwa na mji uitwao Kilulu. Mji wenyewe mdogo. Ukipiga chafya kisimani, aliyeko makaburini anakuambia afya. Katika mji huo walikuwako watu watatu waliojua mazingaombwe.

Sikusema waganga. Sikusema wachawi. Na wewe hapo nyuma usinikate kauli. Nimesema mazingaombwe, yale ya yai kutoka sikioni na kamba kukatwa ikaungana. Wala hawa watatu hawakula kwa kazi hiyo. Ngwali alikuwa kinyozi. Dadi alikuwa mshona viatu. Siwema alikuwa msusi wa mikeka na vikapu. Mgeni mmoja mwenye donda la mguu alilala kwao masika yote, wakamuuguza, naye hakuwa na cha kuwapa ila michezo ya mikono, akawafundisha. Siku ya kuondoka akawaapisha kwa mikono yao wenyewe: siri ya mchezo haitolewi mbele ya watu, na atakayeitoa, mikono yake isifae tena kwa kazi yoyote.

Haya. Mnawajua watu. Mtu akijulikana ana jambo lake, hapewi nafasi ya kupumua. Sokoni, hebu tutolee yai. Kisimani, hebu tupotezee kitu. Hata matangani, jamani, maiti hajapoa, mtu anamvuta Ngwali pembeni anamwambia hebu kidogo tu.

Sasa kila mmoja alikuwa na namna yake ya kujibu. Ngwali akiombwa ghafla alisema, "Leo sikujiandaa." Alisema hivyo jana, alisema hivyo leo, angesema hivyo kesho. Kwake mchezo usioandaliwa ni aibu iliyojitafutia mlango.

Dadi akiombwa ghafla alisema, "Nipe kitu chako." Hakukataa hata mara moja. Begani alikuwa na kitambaa chake chekundu, akilala nacho, akiamka nacho. Ukimpa pete yako, anaikunja katika kitambaa, anakwambia shika, unaishika pete yako ndani kwa vidole vyako mwenyewe, kisha anakikung'uta na pete haimo. Kumbe penye upindo wa kitambaa palishonewa kiduara cha waya, na hicho ndicho ulichokishika. Pete yako iko kiganjani mwake tangu zamani. Upindo ule aliushona Siwema, kwa uzi mwembamba usioonekana.

Na Siwema je? Siwema akiombwa ghafla alisema, "Mimi nani? Muulizeni Dadi." Au, "Muulizeni Ngwali." Alijua kuliko wote wawili, lakini alipenda kuwasukuma wenzake mbele na kukaa pembeni akiona watu wanavyoshangaa. Msimcheke. Wangapi humu mko hivyo?

Mji huo ulikuwa na jumbe wake, Jumbe Mwinchande. Huyo aliogopwa. Mganga wake alitembea na mfuko wa magome ya mwavi, na mwavi nyie mnausikia tu, wenzenu waliuona. Magome yanapondwa, yanakorogwa kwa maji ndani ya bakuli la mti, na mtuhumiwa anakunywa. Akitapika, hana kosa. Asipotapika, hamna haja ya kuniuliza. Na mwavi ulikuwa na mwiko wake. Ukishakorogwa haumwagwi. Walisema ukiumwaga chini ardhi ndiyo iliyokunywa, na ardhi iliyokunywa mwavi haimlei mtu wala haioteshi mahindi. Bakuli likishakorogwa lazima lipate kinywa.

Basi Jumbe alifiwa na mtoto. Mtoto wa pekee, wa miezi saba, jino la kwanza ndiyo kwanza linachungulia. Alikufa kwa homa ya siku mbili. Arobaini ilipofika Jumbe alinyolewa nywele za matanga, na aliyemnyoa ni nani? Ngwali. Wembe uko kichwani, mganga akaingia, akainama, akamwambia Jumbe maneno haya: "Aliyemla mwanao utamjua. Kitu cha mwilini mwako kitamwendea chenyewe, bila kubebwa na mtu."

Jumbe akamgeukia kinyozi, akamuuliza kama amesikia. Ngwali akajibu, "Sikusikia, Jumbe. Wembe una kelele." Akarudi nyumbani. Hakumwambia mke, hakumwambia Dadi, hakumwambia Siwema. Kinyozi akianza kubeba maneno ya kitini, shingo inayofuata chini ya wembe ni yake mwenyewe.

Haujapita mwezi, Siwema akamwoza mdogo wake, Tunu. Mama yao alikufa Tunu hajaota meno, Siwema ndiye aliyemlea, akamlisha uji kwa kidole. Kwa hiyo harusi ile ilikuwa ni yake pia. Alisuka mkeka mpya miezi mitatu, na kikapu cha tuzo cha rangi mbili, akamkalisha Tunu barazani juu ya mkeka, na kikapu kikawa miguuni pake. Watu wanapita, wanatupia zawadi zao. Mchana mweupe, biriani inanukia, hakuna mwenye wazo baya.

Mara Jumbe akaja, na mganga wake nyuma, na mfuko wa mganga begani.

Alikaribishwa kitini, akaletewa sinia. Hakula. Ngoma zikapungua zenyewe, kisha zikanyamaza. Mnajua tena, kimya kingi kina mshindo mkuu. Siwema akaona harusi yake inageuka matanga mbele ya macho yake, akaenda kumpigia Jumbe magoti na kumuuliza kama kuna kilichomkera. Jumbe akasema hapana. Amesikia tu kwamba katika nyumba hii mna watu wanaopoteza vitu na kuvirudisha. Yeye amepotelewa. Anataka kuona inavyofanyika.

Siwema angesema nini? Alisema lile lile alilozoea. "Mimi nani, Jumbe? Muulize Ngwali." Mdomo huponza kichwa, na mara nyingine huponza kichwa cha mwenzio.

Jumbe akamwita Ngwali. Ngwali alisimama, na wallahi jasho lilimtoka mpaka kwenye vifundo vya miguu. Yeye peke yake katika watu wale alijua neno la mganga. Akasema, "Leo sikujiandaa." Jumbe akasema anayehitaji kujiandaa ili aonwe ana la kuficha. Mganga akafungua mfuko. Akatoa kinu kidogo. Akaanza kuponda. Tu, tu, tu.

Jumbe akasema, "Sikuja kuchezewa. Kama hakuna atakayenionyesha, nitajua kuwa ni uchawi, na watatu wote watakunywa."

Hapo Dadi akainuka.

Nataka muelewe jambo moja. Dadi naye aliogopa. Lakini namna ya Dadi ni ile ile, akiombwa hakatai, na mikono yake ilikuwa imekwisha kwenda begani kabla kichwa hakijaamua. Ngwali alimkazia macho. Akamtikisia kichwa, acha. Akamtikisia tena, acha, acha. Dadi akaona, na unajua alidhani nini? Alidhani ni wivu. Walikuwa na mashindano yao ya siku nyingi. Akageuza uso, akamwambia Jumbe, "Nipe kitu chako."

Jumbe akavua pete. Dadi akaikunja katika kitambaa. Akamwambia Jumbe ashike, Jumbe akashika, akakiri pete imo. Dadi akakung'uta. Haimo. Mganga akaacha kuponda.

Angekomea hapo! Angefumbua kiganja chake, akasema pete yako hii hapa, Jumbe, tule biriani. Pengine Jumbe angetabasamu. Lakini kwa miaka yote Dadi hakuwahi kuumaliza mchezo mkononi mwake. Mchezo mtamu huishia kwa mtu asiyetarajiwa. Na nani mwenye macho yote ya watu siku ile kuliko bibi harusi? Kitambaa kikiwa hewani, watu wote wakikitazama, mkono wake wa pili uliidondosha pete ndani ya kikapu cha tuzo. Kisha akasema kwa sauti ya furaha, "Bibi harusi, tia mkono kikapuni, utoe kisicho chako."

Tunu akatia mkono. Akatoa pete ya Jumbe. Watu wakapiga makofi.

Wakapiga makofi, kisha wakamwona Jumbe alivyosimama, makofi yakafia mikononi. Midomo ya Jumbe ilikuwa myeupe. Alikuwa akimtazama Tunu, na Tunu akimtazama yeye, bado anacheka kidogo, na pete iko kwenye kidole chenye hina. Jumbe akasema polepole, "Imemwendea yenyewe." Mganga akarudia, "Imemwendea yenyewe, bila kubebwa na mtu." Na mganga akatia magome na maji ndani ya bakuli, akakoroga.

Bwana harusi? Msiniulize habari zake. Alionekana mara ya mwisho akitoka mlango wa nyuma, akielekea kisimani, tena si kwa kuteka maji.

Tunu alikamatwa mikono. Hakupiga kelele. Aliita tu, "Dada." Akaita tena, "Dada." Dadi akajitupa chini, akalia kwamba ni mchezo, ni mkono wake, ni yeye aliyeitia kikapuni. Jumbe hakumsikia. Mtu aliyekwisha kumpata mwuaji wa mwanawe hasikii kwa urahisi. Alimjibu kwamba pete aliishika mwenyewe ndani ya kitambaa, kwa vidole vyake, kisha ikatoweka. Mkono wa binadamu unafanyaje hivyo? Dadi akafungua kinywa kumweleza, na kinywa kikabaki wazi. Kiapo. Mikono yake ndiyo iliyowalisha watoto sita. Nani atanunua viatu vya mtu asiye na mikono?

Siwema naye alikuwa na mikono, na mikono ile ilikuwa na kiapo kile kile. Alisimama pale bakuli likipita mbele yake. Alisimama pale bakuli likinyanyuliwa. Msije mkaniambia alikimbia papo hapo akamwokoa mdogo wake, hapana. Alisimama. Bakuli likagusa mdomo wa Tunu, na Tunu akaubana mdomo, na mganga akamshika pua. Hapo ndipo Siwema alipokwapua kitambaa chekundu kutoka kwa Dadi, akauchana upindo kwa meno mbele ya mji mzima, na kile kiduara cha waya kikaanguka kwenye mkeka.

"Hicho ndicho ulichokishika, Jumbe," akasema. "Uzi ni wangu. Niliushona mimi."

Akakirudisha kiduara katika upindo, akakifungia humo kwa uzi uliobaki. Akamwomba Jumbe achukue pete yake kidoleni mwa Tunu, na afanye mwenyewe. Akamwelekeza kila hatua kama anavyoelekezwa mwali kuanza mkeka: kunja hapa, ficha pale, sasa mpe mganga ashike. Mganga akashika, akakiri pete imo. Jumbe akakung'uta. Haimo. Akafumbua kiganja cha pili, na pete ilikuwa imelala humo.

Hakuna aliyepiga makofi. Kumpigia ni sawa na kumwambia Jumbe naye ni mchawi, na nani angethubutu? Lakini kila mtu alikuwa amekwisha kuona, na Jumbe alijua kuwa wameona. Akaitazama pete kiganjani muda mrefu, mpaka uso wake ukawa wa mtu yeyote tu aliyefiwa.

Akauliza, "Basi mwanangu aliliwa na nani?"

Mpaka leo hajajibiwa.

Akaamuru Tunu aachiwe. Watu wakaanza kuhema, mama mmoja akaanza kulia kwa furaha. Ndipo mganga akakohoa, akalionyesha bakuli. Mwavi umekorogwa. Haumwagwi. Jumbe alikuwa amelisahau. Mji mzima ulikuwa umelisahau.

Jumbe akakaa tena kitini, mzee ghafla. Akasema mwiko si wake, aliukuta, na hawezi kuutia ukame mji mzima kwa ajili ya mchezo. Bakuli limekorogwa kwa sababu ya mazingaombwe, basi mmoja wa wenye mazingaombwe atalinywa. Hatachagua yeye. Watachagua wao watatu. Akaonyesha nguzo ya baraza, na kivuli chake kilichokuwa kinatambaa kuelekea mlangoni.

"Kivuli hiki kikigusa kizingiti nanyi hamjapatana," akasema, "bakuli litarudi kwa yule lililokorogewa."

Yaani Tunu. Basi Tunu akakalishwa tena juu ya mkeka wake, na bakuli likawekwa miguuni pake, pale pale kilipokuwa kikapu.

Watatu wakakaa mbele yake. Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penu.

Dadi alianza, kwa sababu Dadi huanza siku zote. Alisema yeye aliombwa, akafanya, na asingefanya wangekunywa wote watatu. "Mimi nilitia pete kikapuni, sikatai. Lakini sikujua. Ngwali alijua. Aliyejua akanyamaza na asiyejua akacheza, mwenye kosa ni nani?"

Ngwali akasema alijua, ndiyo. Na kwa kuwa alijua, alikataa, tena alikataa Jumbe akiwa amemkazia macho na mfuko wa mwavi uko begani mwa mganga. Alimtikisia Dadi kichwa mara mbili. "Ningeliweza kusema nini zaidi, na mwenye siri ameketi mbele yangu? Nilikuonya kwa macho. Ukasema moyoni mwako Ngwali ana wivu." Kisha akaongeza kwamba tangu kunyolewa kwa Jumbe zilipita siku ishirini, na katika siku hizo alikunywa kahawa na Dadi kila asubuhi, na kila asubuhi alizungumza habari za bei ya mahindi.

Siwema hakujitetea mwanzoni. Alikuwa akimtazama mdogo wake. Wenzake walipomgeukia alisema yeye ndiye aliyevunja kiapo akamtoa Tunu mdomoni mwa bakuli, na kama mikono yake haitasuka tena, na isisuke. Dadi akamjibu kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko matusi. Alimkumbusha kwamba Jumbe alimwomba yeye kwanza. Yeye mwenye nyumba. Yeye aliyejua kuliko wote. Angefanya kamchezo kadogo ka yai, pengine yangeisha. Na Ngwali akaongeza kwamba bakuli lilipita mbele yake, naye alisimama.

"Nilisimama," Siwema akasema. "Niliihesabu mikono yangu."

Na mikono sita ile, iliyozoea kuficha pete na mayai na kamba, ilikuwa imelala wazi juu ya magoti yao, kila mtu anaiona, na hakuna hata mmoja uliokwenda kwenye bakuli. Waliogopa. Nami ningeogopa, na wewe unayeguna hapo ungeogopa pia.

Kivuli kilikuwa kimebakiza vidole vinne. Kikabakiza vitatu. Tunu alikuwa ameketi na hina yake, akiwatazama mmoja mmoja: huyu aliyemtengenezea viatu vya harusi, huyu aliyemnyoa nywele za utotoni, huyu aliyemlisha uji kwa kidole. Kikabakiza viwili.

Aliyenisimulia mimi aliishia hapo, akaenda kulala, nami sijawahi kumsamehe. Wengine husema Jumbe ndiye angekunywa, maana ndiye aliyeomba. Wengine husema waliopiga makofi. Hayo ni maneno ya watu wanaotaka kutoka mlango wa nyuma kama bwana harusi. Jumbe amesema mmoja wa watatu, na kivuli hakisubiri.

Kimebaki kidole kimoja. Aliyejua akanyamaza, asiyejua akafanya, au aliyeombwa akamsukumia mwenzake, kisha akakawia kuvunja kiapo? Semeni upesi, Tunu anawatazama: je, nani alistahili bakuli lile?